Miaka Miwili ya Kukopa

Kitambulisho changu kinasema sitini.
Mifupa yangu inasema hamsini na minane.
Kati ya mashahidi hao wawili serikali humwamini mmoja,
na si yule anayeumwa magoti.

Nilizaliwa mwaka ule ndege zilipomwaga mahindi Ukambani.
Mama hakuandika tarehe; alikimbilia gunia.
Nilipofika Nairobi kutafuta kazi
nina miaka kumi na sita na viatu vya dada,
karani alitaka kumi na minane.
Nikampa.
Sikuona kama ni uongo. Nilikopa miaka miwili tu
mahali nilipodhani hawaweki daftari.

Kumbe wanaweka.

Barua ilikuja na mshahara wa Machi,
imekunjwa vizuri kuliko shuka zangu zote:
Tunakushukuru, Bi. Kavata Mulwa, kwa utumishi wako.
Miaka thelathini na mitatu chini ya hospitali ya Parklands,
kule mvuke unakoingia hadi kwenye kucha,
nimefua matapishi ya matajiri, damu ya uzazi,
foronya za watu waliolala wasiamke.
Nyuso zao sizijui. Najua jasho lao.

Basi nikapanda Barabara ya Ngong na bahasha,
nikachukua nambari: mia mbili na kumi na nne.
Mbele yangu mzee wa karakana ya reli
ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko msibani.

Kijana wa dirishani alinichapia karatasi,
akaisukuma taratibu, akatazama pembeni.
"Mama, hapa pana mapengo."
Niliyaona. Mwaka mzima. Kisha miezi saba.
Kisha miaka minne imekaa mitupu
kama kamba ya nguo siku ya mvua.
"Lakini walikata," nikasema. "Kila mwezi.
Karatasi za mshahara ninazo zote, kwenye mkebe wa majani ya chai."
"Walikata, mama. Hawakuleta."

Akiba haiozi, tulifunzwa.
Hatukufunzwa kwamba inaweza kushika njia
ikaishia kwenye vigae vya mtu huko Runda.

Nikamuuliza kuhusu zile pesa za wazee.
Akacheka, bila ubaya. "Hizo ni sabini, mama."
Sitini, mlango unafungwa nyuma yangu.
Sabini, mwingine unafunguka mbele.
Katikati ni ujia wa miaka kumi usio na taa,
na kodi ya Maringo hufika kila tarehe tano bila kuchoka,
na dawa ya presha haijaambiwa kwamba nimestaafu.

Usiniambie kuhusu watoto.
Mutinda anaendesha pikipiki ya mkopo.
Mwikali ana mapacha na mume wa kwenye simu.
Pensheni yao ni mimi.

Jumapili, kwenye chama, wanawake walinisikiliza
hadi chai ikaota utando.
Kisha Rael Adongo akafungua daftari, akafuta zamu yake,
akaandika jina langu kwa ile kalamu inayovuja.
"Nunua pasi nzuri," akasema. "Wanafunzi wa bweni pale juu
wanavaa mashati kama magome."
Hakuna aliyepiga makofi. Tukarudi kwenye hesabu ya mchele.

Usiku nilikaa kitandani nikapiga hesabu yangu.
Karatasi ikifika sabini, mifupa itakuwa na sitini na minane.
Ile miaka miwili niliyokopa, na ambayo sasa wameidai
pamoja na riba ya kazi yangu,
nitarudishiwa kidogo kidogo, kwa simu,
nikiwa bado na meno ya kuitafunia.
Nikacheka peke yangu. Jirani akagonga ukuta.

Zimebaki siku kumi na moja.
Kesho nina shuka mia mbili.
Nitazikunja kona kwa kona, kama kawaida.
Shuka hazijanikosea.